Maswali ya Wasomaji: Børge Ousland na Safari za Ncha za Dunia

Katika barua zilizotufikia kuhusu wasafiri wa maeneo ya barafu, jina lililojitokeza zaidi ni la Børge Ousland wa Norwei. Kwa kuwa maswali mengi yanakamilishana, tumeyakusanya na kuyajibu pamoja, na palipo na ubishani kati ya wataalamu tumeeleza pia msimamo wetu.

Ndugu Mhariri, huyu Ousland ni nani hasa, na aliingiaje katika safari za aina hii?

Børge Ousland alizaliwa Oslo tarehe 31 Mei 1962. Kabla jina lake halijajulikana alikuwa mzamiaji katika shughuli za mafuta kwenye Bahari ya Kaskazini, na alitumikia pia kikosi maalumu cha wanamaji wa Norwei. Tunadhani kazi ya uzamiaji ilimjenga kuliko wengi wanavyoona, kwa sababu mzamiaji wa kina kirefu hawezi kukimbilia juu anapotaka: kila hatua ina utaratibu wake, kila kifaa hukaguliwa kabla ya kutumiwa, na anayeruka hatua moja huenda asipate nafasi ya kujirekebisha. Tabia hiyo ya utaratibu inaonekana katika kila safari aliyoifanya baadaye.

Mwaka 1986 alivuka barafu ya Greenland kwa skii, yaani mbao ndefu za miguuni za kutelezea juu ya theluji, akiwa na wenzake wawili. Mwaka 1990 yeye na Erling Kagge waliondoka kisiwa cha Ellesmere, kaskazini mwa Kanada, wakafika Ncha ya Kaskazini tarehe 4 Mei baada ya siku 58, bila mbwa, bila magari na bila kuletewa chakula njiani. Mwaka 1994 alirudi huko akiwa peke yake, safari hii akianzia upande wa Urusi, kwenye rasi ya Arktichesky katika visiwa vya Severnaya Zemlya, na siku 52 baadaye akawa mtu wa kwanza kufika Ncha ya Kaskazini peke yake bila msaada wowote. Kisha ikafuata Antaktika, ambayo tutaieleza kwa kirefu hapa chini, kwa kuwa ndiyo iliyoleta maswali mengi zaidi.

Nimesoma kwamba Antaktika ndiyo sehemu yenye baridi kali kuliko zote duniani. Kwa nini basi wasafiri wengi husema kwamba Ncha ya Kaskazini ni ngumu zaidi?

Kwa sababu Ncha ya Kaskazini haina ardhi. Msafiri wa huko hutembea juu ya bahari iliyoganda, kwenye barafu ambayo kwa kawaida unene wake ni mita chache tu, na chini yake pale nchani kuna maji yenye kina cha zaidi ya mita 4,000. Barafu hiyo husukumwa na upepo na mikondo bila kusimama. Vipande viwili vikigongana, kingo zake hupanda juu ya nyingine na kuwa matuta ya mabonge yanayoweza kufikia urefu wa nyumba, na sleji, yaani chombo kinachoburutwa juu ya theluji, hupitishwa hapo kwa kuinuliwa, kusukumwa na kuvutwa, pengine kwa saa nzima ili kupata mita mia moja. Vipande vikiachana, hufunguka mifereji ya maji meusi ambayo msafiri hulazimika kuizunguka, kusubiri igande au kuivuka.

Kuna jambo jingine linalovunja moyo zaidi. Mtu anaweza kutembea mchana kutwa, akalala, na asubuhi akakuta kwamba barafu aliyolalia imemrudisha nyuma kilomita kadhaa. Ndiyo maana mahali pa kuanzia ni uamuzi mzito. Mkondo mkuu wa barafu huelekea kutoka upande wa Siberia, kupita karibu na ncha, hadi kwenye bahari iliyo kati ya Greenland na Svalbard. Kwa hiyo anayeanzia Urusi mara nyingi husaidiwa na mkondo, na anayeanzia Kanada mara nyingi hupambana nao. Mvumbuzi wa Norwei, Fridtjof Nansen, aliutumia ujuzi huo alipoiachia meli yake, Fram, inaswe kwenye barafu kuanzia mwaka 1893 ili ichukuliwe na mkondo.

Kusini mambo ni tofauti kabisa. Antaktika ni bara, na Ncha ya Kusini iko kwenye uwanda wa barafu wenye mwinuko wa takriban mita 2,800 juu ya usawa wa bahari. Huko hakuna mifereji ya maji wala dubu, lakini hewa ni nyepesi, upepo huteremka kutoka nyanda za juu kwa nguvu, theluji huchongwa ikawa mawimbi magumu, na barafu inayoteremka milimani hupasuka na kufanya nyufa ambazo juu yake huweza kufunikwa na theluji laini. Ugumu wa kusini ni wa umbali na upweke, ilhali wa kaskazini hubadilika kila saa.

Wengine wanasema Ousland ndiye wa kwanza kuvuka Antaktika peke yake bila msaada, wengine wanamtaja Mmarekani wa mwaka 2018. Nani mkweli?

Swali hili limewagawa wasafiri wenyewe, na ili kulijibu lazima tuanze na yaliyotendeka.

Tarehe 15 Novemba 1996 Ousland aliondoka kisiwa cha Berkner, kilicho ndani ya rafu ya barafu inayoelea ukingoni mwa Antaktika, akiburuta sleji iliyokuwa na uzito wa kilo 178. Alipita Ncha ya Kusini, akashuka kwa mto wa barafu wa Axel Heiberg, ambao ndio njia aliyoipandia mwaka 1911 Roald Amundsen, Mnorwei aliyekuwa wa kwanza kufika Ncha ya Kusini, kisha akavuka rafu ya barafu ya Ross hadi Scott Base, kituo cha New Zealand, tarehe 18 Januari 1997. Zilikuwa siku 64 na kilomita 2,845. Msimu huo huo Ranulph Fiennes wa Uingereza alijaribu kuvuka bara hilo peke yake, akalazimika kuondolewa kwa sababu ya mawe kwenye figo.

Ubishi unatokana na tanga. Upepo ulipokuwa mzuri, Ousland alifungua tanga la kitambaa lililomvuta akiwa juu ya skii zake, na kuna siku moja aliyokwenda zaidi ya kilomita 200. Mwishoni mwa mwaka 2018 Colin O'Brady wa Marekani alisafiri kwa siku 54 bila tanga, akafuatiwa siku mbili baadaye na Louis Rudd wa Uingereza, na ikatangazwa kwamba O'Brady ndiye wa kwanza kuvuka peke yake bila msaada. Wakosoaji walijibu kwamba njia yake ilikuwa ya takriban kilomita 1,500 tu, kwa kuwa aliacha rafu za barafu za pande zote mbili na kuanzia na kuishia pale inaposemekana kwamba bara lenyewe linaanza; na kwamba baada ya Ncha ya Kusini alifuata barabara iliyosawazishwa kwa matrekta na kuwekewa bendera, ambayo hutumiwa kupeleka mizigo kutoka kituo cha Marekani cha McMurdo.

Msimamo wetu ni huu. Tanga alilolibeba Ousland tangu siku ya kwanza halikuletwa na mtu mwingine, na upepo ni sehemu ya mahali penyewe. Kwa hiyo safari yake ilikuwa ya peke yake na bila msaada. Hata hivyo, si haki kulinganisha siku zake na za mtu aliyetumia miguu pekee, na wala si haki mtu aliyepita kwenye barabara iliyotengenezwa na mashine kuwekwa mbele ya mtu aliyevuka kutoka bahari hadi bahari, rafu za barafu zikiwemo. Katika miaka ya karibuni wasafiri wakongwe wametunga mfumo wa kuainisha safari hizi, ambao hutenganisha wanaotumia upepo na wasioutumia, wanaopita barabarani na wasiopita, na wanaovuka bara zima na wanaovuka sehemu tu. Tunauunga mkono, kwa sababu unamwezesha kila mmoja kupewa sifa ya kile alichokifanya.

Ousland mwenyewe aliwahi kupitia ubishani wa namna hiyo. Mwaka 1990 walikuwa watatu walipoanza, lakini Geir Randby aliumia na akachukuliwa kwa ndege. Kuna waliodai kwamba kufika kwa ndege hiyo kulitosha kuiondolea safari sifa ya kutosaidiwa, ingawa Ousland na Kagge waliendelea na chakula chao wenyewe hadi mwisho. Sisi hatuoni kwamba kumwokoa mgonjwa kunampunguzia aliyebaki uzito wa mzigo wake.

Mtu analalaje, anakulaje na anawezaje kubaki hai kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri kwa miezi miwili?

Tunashukuru kwa swali hili, kwa sababu hapa ndipo penye ufundi hasa, na habari za magazeti hupapita haraka zikikimbilia picha ya bendera.

Adui wa kwanza ni jasho. Nguo iliyolowa hupoteza uwezo wa kuhifadhi joto, na mahali ambapo hakuna jua la kuikausha wala moto wa kuiotea, unyevu huo huganda ndani ya kitambaa na kubaki humo kwa wiki nyingi. Msafiri mzoefu hupunguza nguo kabla ya kuanza kutoka jasho, huvuta sleji kwa mwendo anaoweza kuudumisha siku nzima, na huongeza nguo mara tu anaposimama. Mgeni hufanya kinyume: huondoka hemani akiwa amejifunika sana, akakimbia ili apate joto, akalowa, kisha akaganda wakati wa mapumziko.

Usiku pia mwili hutoa unyevu. Unyevu huo ukiingia kwenye mfuko wa kulalia, huganda kidogo kidogo kila siku, hata mfuko ukawa mzito na mgumu. Dawa yake ni kulala ndani ya mfuko mwingine mwembamba usiopitisha mvuke, jambo ambalo halina raha hata kidogo lakini linaokoa safari. Miguuni hufanywa vivyo hivyo, kwa kuweka kitu kisichopitisha mvuke kati ya soksi ili kiatu kibaki kikavu.

Chakula huchaguliwa kwa hesabu ya uzito. Gramu moja ya mafuta hutoa takriban kalori 9, na gramu moja ya wanga hutoa kama 4. Kwa hiyo uji wa shayiri, nyama iliyokaushwa, chokoleti na karanga huongezewa mafuta kwa wingi. Mtu huhitaji kalori 5,000 au zaidi kwa siku, na bado hukonda. Ranulph Fiennes na Mike Stroud, waliovuka bara la Antaktika kwa miguu mwaka 1992 hadi 1993, walimaliza wakiwa wamedhoofika vibaya ingawa walikuwa wakila kila siku. Maji yote hupatikana kwa kuyeyusha theluji, na kwa hiyo jiko ndilo kifaa ambacho msafiri hawezi kukikosa: likiharibika, kiu itammaliza kabla ya njaa. Jiko hilo likiwashwa ndani ya hema lililofungwa, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na ndiyo sababu tundu la hewa huachwa wazi hata kama baridi inaingia.

Kuhusu kutafuta njia, dira haiaminiki sana karibu na ncha za sumaku za dunia. Vifaa vya setilaiti huonyesha mahali ulipo, lakini betri hupoteza nguvu kwenye baridi, na mtu hawezi kutembea kutwa akitazama kioo kidogo. Mchana hufuata jua, ambalo huzunguka nyuzi 15 kila saa, kwa kulinganisha kivuli chake na saa ya mkononi, au hufuata mwelekeo wa mawimbi ya theluji yaliyochongwa na upepo.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi. Je, ni kweli kwamba Ousland aliogelea katika bahari ya barafu? Na dubu hawakumdhuru?

Marahaba. Ni kweli. Alitumia suti isiyoingiza maji ambayo huvaliwa juu ya nguo zote, akaingia mferejini na kuogelea hadi ng'ambo huku sleji yake, ambayo ilitengenezwa ili iweze kuelea, ikimfuata kwa kamba. Kabla ya hapo, mfereji mpana uliweza kumsimamisha msafiri kwa siku nzima au kumzungusha mbali mno. Kwa maoni yetu, hilo ni miongoni mwa mambo ya busara zaidi aliyoyaleta katika usafiri wa Aktiki, yaani eneo la Ncha ya Kaskazini.

Dubu weupe wapo kaskazini tu. Wakiwa na njaa humwendea mtu kwa udadisi na pia kwa nia ya kumla, kwa hiyo wasafiri hubeba silaha na huzungushia hema waya wenye kengele au baruti ya kutisha. Mwaka 1990 Ousland na Kagge walishambuliwa na dubu, wakalazimika kumpiga risasi.

Mbona mnamsifu tu? Hakuna hata safari moja iliyomshinda?

Zipo, na tunaona zinafundisha kuliko zile zilizofaulu. Jaribio lake la kwanza la kuvuka Antaktika, katika msimu wa 1995 hadi 1996, liliishia Ncha ya Kusini: alifika hapo kwa kasi kubwa, lakini majeraha ya baridi yakamlazimu kuacha. Angeweza kusonga mbele na kutumaini kupona njiani. Alirudi nyumbani, akarekebisha alichokiona kuwa na kasoro, na mwaka uliofuata akamaliza safari yote.

Mwaka 2001 alivuka Bahari ya Aktiki peke yake kutoka Severnaya Zemlya hadi kisiwa cha Ward Hunt nchini Kanada kwa siku 82. Hata ukipima kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 1,700. Mwanzoni mwa safari hiyo sleji yake iliharibika, akaagiza nyingine iletwe kutoka nje, na kwa hiyo safari hiyo haihesabiwi kuwa isiyo na msaada. Naye hakuiita hivyo.

Iliyomweka karibu zaidi na hatari, kwa mtazamo wetu, ni ya mwaka 2019. Yeye na Mike Horn, aliyezaliwa Afrika Kusini na anayeishi Uswisi, waliachwa na boti pembezoni mwa barafu mwezi Septemba wakakusudia kuvuka Bahari ya Aktiki kupitia nchani. Jua lilizama mwishoni mwa mwezi huo huo, wakabaki katika giza. Barafu ilikuwa nyembamba na yenye mifereji mingi, na mkondo ukawapeleka wasikotaka, hata chakula kikakaribia kuisha kabla meli ya kuwachukua haijawafikia. Wanorwei wawili, Bengt Rotmo na Aleksander Gamme, walitoka kwenye meli Lance kwa skii wakawapelekea chakula, na mwezi Desemba, baada ya siku 87, wote wakaingia melini.

Kwa nini mwaka 2006 Ousland na Horn walikwenda Ncha ya Kaskazini wakati wa giza ilhali wangeweza kusubiri jua?

Kwa sababu hakuna aliyekuwa amefanya hivyo bila msaada. Ousland na Horn waliondoka rasi ya Arktichesky tarehe 22 Januari 2006 na kufika nchani tarehe 23 Machi, wakati ambapo jua linaanza tu kuchomoza huko. Taa za kichwani ndizo zilizowaongoza kati ya matuta ya barafu, na barafu mpya iliyo salama huwa haitofautiani sana na ile isiyoweza kubeba mtu. Ni safari tunayoistahi, ila hatungemshauri mtu yeyote airudie.

Safari hizi zina manufaa gani kwa watu wengine?

Ousland si mwanasayansi, na hatupendi kumvika joho lisilo lake. Lakini ameitembelea barafu hiyo hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, na anachokishuhudia kinaafikiana na vipimo vya setilaiti, ambavyo vimeonyesha tangu mwaka 1979 kwamba eneo la barafu ya Aktiki mwishoni mwa kiangazi limepungua sana. Mwaka 2010 yeye na Thorleif Thorleifsson waliizunguka Aktiki kwa mashua ndogo ya matanga, wakapita kaskazini mwa Urusi na kisha kaskazini mwa Amerika katika msimu mmoja wa kiangazi. Amundsen alihitaji kuanzia mwaka 1903 hadi 1906 kupita upande wa Amerika peke yake, kwa kuwa barafu ilimfungia majira ya baridi baada ya majira ya baridi. Safari ya Ousland mwaka 2010 inathibitisha ubaharia wake, na pia inathibitisha kwamba mlango uliokuwa umefungwa sasa uko wazi. Jambo hilo la pili linatusikitisha.

Pamoja na Mfaransa Vincent Colliard, amekuwa pia akivuka nyanda kubwa za barafu za dunia, mradi wa kuvuka 20 kati ya zilizo kubwa zaidi, ili kuonyesha hali yake kabla hazijapungua zaidi.

Nina kijana anayetamani kwenda Ncha ya Kusini. Aanzie wapi?

Asianzie Ncha ya Kusini. Norwei, vijana hujifunza kwanza kwenye uwanda wa Hardangervidda, ambako upepo na theluji hutosha kumfundisha mtu kusimamisha hema akiwa amevaa glavu nene, kuwasha jiko gizani na kutambua kidole kinachoanza kufa ganzi, huku msaada ukiwa si mbali. Baada ya misimu kadhaa ya mafunzo, hatua inayofuata ni kuvuka Greenland pamoja na kiongozi mzoefu, safari ya zaidi ya kilomita 500 ambayo kwa kawaida huchukua wiki tatu hadi nne. Kwa safari hiyo atahitaji kibali cha mamlaka za Greenland pamoja na bima inayogharimia kutafutwa na kuokolewa, na maombi hayo hutumwa mapema, miezi kadhaa kabla ya kuondoka.